Mwili katika Tamthilia ya Kompyuta

Kitabu cha Brenda Laurel kiitwacho Computers as Theatre kilipigwa chapa Marekani mara ya kwanza mwaka wa 1991, na chapa yake ya pili, iliyorekebishwa na kuongezwa, ilitoka mwaka wa 2013. Vitabu vya mambo ya kompyuta aghalabu huzeeka upesi kama magazeti, maana mashine vinazozieleza hutoweka kabla wino haujakauka. Kitabu hiki kiliepuka ajali hiyo kwa sababu neno lake kubwa si la mashine bali ni la mtu. Shauri lake kwa ufupi ni hili: mtu atumiaye kompyuta hafanani na fundi ashikaye nyundo, bali afanana na mtu aliyeingia katika mchezo wa kuigiza, kwa hiyo atakaye kuibuni kompyuta vema yampasa kwenda kujifunza kwa watunga tamthilia. Makala haya yakusudia kulipima shauri hilo: wapi lina nguvu, wapi limepungukiwa, na ni kitu gani kazi za wasanii wachache wa Ulaya na Amerika zimekiongeza ambacho kitabu chenyewe hakikukitoa.

Ili nguvu ya kitabu ionekane, yafaa kukumbuka hali kilichoikuta. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu akawaonyesha, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, namna mtu awezavyo kuelekeza maandishi kwenye kioo cha kompyuta kwa kutumia kidude kidogo kisukumwacho kwa mkono, ambacho leo huitwa kipanya. Baadaye, katika mashine ya Xerox Star ya mwaka wa 1981 na ile ya Macintosh ya mwaka wa 1984, kioo kilipambwa kwa mfano wa meza ya ofisi, yenye karatasi, majalada na chombo cha taka. Mfano huo uliwarahisishia kazi watu wengi. Walakini ulileta na mazoea ya kuiona kompyuta kama ghala la vitu. Laurel alipinga mazoea hayo. Kwake yeye kioo si meza wala ghala, bali ni jukwaa. Na kilichoko juu ya jukwaa si vitu, bali ni tendo moja ambalo mtu na mashine hulitenda kwa kushirikiana. Badala ya kuuliza mtumiaji apewe vyombo gani, mbuni aulize mtumiaji ashiriki tendo gani, lianze vipi, lipande vipi, na likome vipi. Hilo ni badiliko kubwa la fikira, na hapana shaka lilikuwa la haki.

Mwalimu aliyemtegemea katika jambo hilo ni Aristotle. Katika kitabu chake juu ya utungaji, Mgiriki huyo aliigawanya tanzia katika sehemu sita: tendo au mpango wa kisa, tabia za wahusika, fikira, lugha, wimbo, na mambo yaonekanayo kwa macho. Laurel alizichukua zote sita akazihamishia kwenye kompyuta. Wimbo aliupanua hata ukawa mpangilio wowote unaopendeza hisi. Na mambo yaonekanayo aliyapa jina jingine, akayaita utendekaji, yaani kila kitu kitendwacho mbele ya mtazamaji na kufikia macho, masikio na hisi zake nyingine. Sehemu hizo zimepangwa kama ngazi. Kutoka chini kwenda juu, kila moja ni mali ambayo ile ya juu yake hufanyizwa kwayo. Kutoka juu kwenda chini, kila moja huipa umbo ile iliyo chini yake. Sauti na sura huwa mali ya mpangilio, mpangilio ukawa mali ya lugha, lugha ikawa mali ya fikira, hata kuufikia mwisho wa ngazi, ambao ni tendo zima.

Ngazi hii ni safi, na usafi wake ndio uliowavuta wengi. Lakini hapa ndipo penye upungufu. Aristotle mwenyewe alisema kwamba mambo yaonekanayo, ijapokuwa huvuta moyo, ndiyo yaliyo mbali zaidi na sanaa ya mtungaji. Na kwamba nguvu ya tanzia hukaa hata pasipo jukwaa na pasipo waigizaji. Maana yake ni kwamba tamthilia yaweza kusomwa kimya chumbani ikabaki tamthilia. Basi mtu atafutaye jinsi ya kuuingiza mwili katika kazi ya kompyuta, akienda kwa Aristotle, ameenda kwa mwalimu aliyeuacha mwili mlangoni. Laurel alijaribu kuuinua kwa kulibadili jina, lakini mahali pake hakupabadili. Utendekaji ulibaki chini ya ngazi, ukingoja kupewa umbo na vilivyo juu yake.

Tena si haki kudhani kwamba upungufu huo ulikuwa wa tamthilia ya Kigiriki yenyewe. Mahali pa mviringo palipokuwa mbele ya jukwaa la Athens paliitwa kwa jina litokanalo na tendo la kucheza ngoma, maana hapo ndipo kundi la waimbaji lilipoimba na kucheza. Mwili ulikuwapo, tena katikati. Kilichoupunguza ni kitabu, si uwanja. Msomi asomaye kitabu cha Aristotle bila ya kuukumbuka uwanja hupata mifupa ya tamthilia pasipo nyama yake.

Upungufu huo si wa nadharia peke yake. Una matokeo katika kazi ya kila siku ya wabuni. Ikiwa mwili ni mali tu ya kufikishia fikira, basi mkono wa mtumiaji huwa kama tarishi: hupeleka barua, na hakuna aulizaye tarishi alitembeaje njiani. Kiswahili chaweza kulieleza jambo hili vizuri. Lugha hii hutumia tendo moja, kupiga, kwa ngoma na kwa taipu. Mpiga ngoma hupiga na mpiga taipu hupiga. Lakini ngoma huuliza maswali mengi: imepigwa kwa kiganja au kwa ncha za vidole, katikati au ukingoni, kwa nguvu au kwa upole, upesi au kwa kukawia, na jibu la kila swali husikika katika sauti yake. Kitufe cha kompyuta huuliza swali moja tu, kwamba kimepigwa au hakikupigwa. Mwenye hasira na mwenye huzuni wakiliandika neno lile lile, mashine hupokea neno lile lile.

Wala haiwezi kusemwa kwamba mashine imenyimwa uwezo wa kusikia zaidi ya hapo. Vinanda vya umeme vilivyofuata kanuni ya MIDI, iliyowekwa mwaka wa 1983, hupima kasi ya kidole kiangukapo juu ya kitufe, na huigawanya kasi hiyo katika ngazi 127. Kwa hiyo uziwi wa kitufe cha ofisi si tabia ya umeme wala ya hesabu. Ni uamuzi wa watu. Mtu alikaa akaamua kwamba namna ya kupiga haina maana, na kwamba kitakachohesabiwa ni herufi. Uamuzi huo wafaa kwa hati za madai na hesabu za duka. Neno la kuuliza ni kama wafaa kwa kila jambo ambalo binadamu hulifanya kwa kompyuta, sasa ambapo sehemu kubwa ya mazungumzo, mafunzo, ibada na maombolezo yake hupitia humo.

Hata huyo mpiga taipu si bila mwili. Mwanafalsafa wa Kifaransa Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1945, alionyesha kwamba mpiga taipu aliyezoea haiwezi akili yake kutaja upesi kila herufi iko mahali gani, lakini mikono yake yajua. Maarifa hayo hayakai katika fikira yakashuka mkononi, yamo mkononi. Mwaka wa 2001 Paul Dourish aliyachukua mafundisho ya namna hiyo akayafanya msingi wa kitabu chake Where the Action Is, akidai kwamba maana ya matumizi ya kompyuta huzaliwa katika vitendo vya watu wenye miili, waishio mahali fulani pamoja na wenzao. Ukiyaweka maneno haya kando ya ngazi ya Laurel, ngazi hutikisika: kumbe kilichowekwa chini hakingoji kupewa umbo na kilicho juu, bali chenyewe hutoa umbo.

Yafaa sasa kuziangalia kazi zenyewe, na haki yataka kuanza na kazi ya Laurel, maana mkono wake ulienda mbele kuliko kalamu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kituo cha sanaa cha Banff nchini Kanada, yeye na Rachel Strickland walitengeneza mchezo uitwao Placeholder. Watu wawili huvaa vyombo vya kufunika macho na vipima-mwendo, wakaingia katika nchi ya kubuni iliyotokana na mandhari ya Banff. Humo hujivika umbo la mmoja wa viumbe wanne: buibui, nyoka, samaki au kunguru, na sauti zao hugeuzwa zipate kulingana na kiumbe. Aliyejivika kunguru hakubonyeza kitufe ili aruke. Alipiga mikono kama mbawa. Tena kulikuwa na sauti ya mungu wa kike iliyotolewa na mwigizaji hai, awezaye kusema na wachezaji kwa kadiri ya mambo yanayotokea. Hapa utendekaji haukuwa mali ya kufanyizia kisa. Kisa kilikuwa karibu hakipo, na kuruka kwenyewe ndiko kulikokuwa maana. Mtu aliyepiga mikono mpaka ikachoka alijifunza juu ya kunguru jambo ambalo ngazi ya sehemu sita haina mahali pa kuliweka.

Kabla ya Laurel alikuwapo Myron Krueger, ambaye tangu mwaka wa 1969, alipokuwa katika chuo kikuu cha Wisconsin, alikuwa akifanya kazi za kumwezesha mtu kuisemesha kompyuta kwa mwili mzima. Kazi yake mashuhuri, Videoplace, iliyoanzia miaka ya 1970, haikumvika mtu chombo chochote. Kamera humtazama, na kivuli chake huonekana kwenye kioo kikubwa. Katika mojawapo ya michezo yake, kijidude kidogo huja kukichezea kivuli hicho: mtu akikaa kimya hukipanda hata kichwani, kikacheza huko kwa furaha, akitaka kukishika hukimbia. Uzuri wa kazi hii ni kwamba hakuna afundishwaye. Mtoto na mzee huingia na kuelewa kwa kujitikisa. Upungufu wake ni kwamba kivuli ni mpaka wa nje wa mwili tu. Krueger aliona umbo na mahali pa umbo. Uzito, pumzi na mkazo wa misuli havikuonekana.

Kazi ya Mkanada David Rokeby, Very Nervous System, iliyoonyeshwa katika maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka wa 1986 na kuendelezwa kwa miaka iliyofuata, ilikwenda upande huo uliobaki. Chumba ni kitupu. Kamera huangalia, na mwendo wa aliyeingia hugeuzwa kuwa sauti ya muziki papo hapo. Kinachopimwa si umbo bali ni mwendo wenyewe: wingi wake, kasi yake na namna uanzavyo na ukomavyo. Rokeby ameeleza kwamba, kwa kuwa kompyuta humtoa mtu mwilini mwake, yeye alitaka mwili ushughulishwe sana. Na kwa kuwa kompyuta ni kitu cha mantiki, alitaka lugha ya kuonana nayo isiwe ya mantiki. Katika chumba hicho mtu hawezi kujua kwa hakika kama sauti inamfuata yeye au yeye anaifuata sauti. Mwendo huzaa sauti, sauti huvuta mwendo mwingine, na mzunguko ukawa mmoja. Hali hii yakaribia sana ile ya mcheza ngoma, ambaye ukimwuliza kama anaongoza au anaongozwa hatapata la kujibu.

Kutokana na kazi hizi mbili yaweza kutolewa tofauti iliyo ya lazima katika uhakiki wa mambo haya, nayo ni tofauti kati ya ishara na mwendo. Ishara ni alama: mkono ukiinuliwa maana yake ni simama, kidole kikinyoshwa maana yake ni kile pale. Kazi ya Richard Bolt katika chuo cha MIT, iliyotangazwa mwaka wa 1980, ilimwezesha mtu kuketi mbele ya ukuta wenye picha, akanyosha mkono na kusema kitu fulani kiwekwe mahali fulani. Ishara hapo ilikuwa nyepesi na ya asili, kwa sababu iliambatana na usemi kama iambatanavyo kati ya watu. Lakini kazi nyingi zilizofuata ziliichukua ishara peke yake zikaifanya amri. Kamera ya Kinect, iliyouzwa kwa ajili ya michezo tangu mwaka wa 2010 na kuachwa kutengenezwa mwaka wa 2017, ilileta jambo hilo sebuleni. Mtu alisimama, akapunga mkono ili atambuliwe, akaushikilia mkono hewani juu ya picha ya kitufe mpaka mashine ikubali. Hiyo si ngoma, ni kwata. Mwili mzima umeitwa, lakini umeitwa ufanye kazi ile ile ya kidole, tena kwa jasho zaidi. Mwendo ulio hai huchukua maana kwa namna ufanywavyo. Ishara ya kwata huchukua maana kwa kufanana na kielelezo, na kila kilichozidi kielelezo huhesabiwa kuwa kosa.

Hapa ndipo jambo lenye uzito lilipo. Mashine iliyoagizwa kuusoma mwili yaweza kumfungulia mtu njia ya kusema yasiyosemeka kwa herufi. Lakini yaweza pia kumfundisha kuusahihisha mwili wake mpaka ulingane na kielelezo. Zote mbili hutumia kamera zile zile na hesabu zile zile, na zote mbili husifiwa kwa maneno yale yale. Mhakiki asiyekuwa na kipimo hataweza kuzitenganisha.

Kipimo cha kwanza chaweza kutolewa katika muziki. Ala ya theremini, iliyobuniwa na Mrusi Lev Termen yapata mwaka wa 1920, hupigwa bila kuguswa: mkono mmoja hewani hutawala kima cha sauti, na mwingine hutawala nguvu yake. Mtu angedhani kwamba ala isiyoguswa ni rahisi kuliko zote. Kinyume chake ndicho cha kweli. Kwa kuwa hakuna kitu cha kuushikilia mkono, kila mtikiso wa bega husikika, na mpigaji hulazimika kukaa kama aliyegandishwa. Clara Rockmore aliipa ala hiyo heshima kwa kubuni utaratibu wa vidole na kuufanyia mazoezi miaka mingi. Naye Michel Waisvisz wa taasisi ya STEIM mjini Amsterdam alijenga mwaka wa 1984 ala aliyoiita The Hands, vyombo viwili vivaliwavyo mikononi, vyenye vitufe na vipima-mwendo vya kuiendesha mitambo ya sauti. Jambo la kukumbukwa juu yake ni kwamba alifika mahali akakataa kuibadili ala yake kila mara, akaichukua kama ilivyo na kujifunza kuipiga, akaendelea kuipiga mpaka karibu na kufa kwake mwaka wa 2008. Somo ni moja kwa wote wawili: ustadi wa mwili hupatikana kwa muda, na muda wataka chombo kinachodumu. Wauzaji wa mashine, ambao faida yao ni kuibadili bidhaa kila mwaka, hukata mti kabla haujazaa. Basi mhakiki na aulize kwanza: je, chombo hiki chastahili kufanyiwa mazoezi kwa miaka kumi, na je, kitakuwapo?

Kipimo cha pili ni uhusiano kati ya mwendo na tokeo lake mbele ya watazamaji. Tarehe 23 Julai 1965, mjini New York, kundi la Merce Cunningham lilionyesha mchezo wa Variations V pamoja na mtunga muziki John Cage. Jukwaani paliwekwa milingoti yenye kuhisi ukaribu wa miili na vihisi-mwanga, na miendo ya wachezaji ilichochea sauti. Lakini mafundi wa muziki waliokuwa kwenye mitambo walikuwa na uwezo wa kuzipokea sauti hizo, kuzichanganya au kuzikawiza. Kwa hiyo mtazamaji hakuweza kujua ni mwendo gani uliozaa sauti gani. Mtu akitumia kipimo cha mafundi, atasema mchezo huo ulishindwa. Lakini Cunningham na Cage hawakutaka ngoma iwe mtumwa wa muziki wala muziki mtumwa wa ngoma. Kufichika kwa sababu kulikuwa sehemu ya nia yao. Kutokana na hilo yaonekana kwamba si lazima kila mwendo uwe na tokeo la dhahiri. Lililo lazima ni kwamba kudhihirika au kufichika kwa uhusiano huo kuwe kumeamuliwa na msanii, kusiwe ajali ya waya.

Kipimo cha tatu ni kizito kupita vyote, nacho ni athari inayomrudia mwenye mwili. Mwaka wa 1992 Mwingereza Paul Sermon alitengeneza kazi iitwayo Telematic Dreaming: vitanda viwili katika vyumba viwili mbalimbali, na picha ya aliyelala kwenye kimoja huangushwa juu ya kingine, hata watu wawili wakaonekana wamelala pamoja ilhali wametengana. Mwaka wa 1994 mcheza ngoma na mwanafalsafa Susan Kozel aliifanya kazi hiyo Amsterdam kwa majuma kadhaa, akilala kitandani saa nyingi za siku, na wageni wakija kulala kando ya picha yake. Baadaye aliandika kwamba wengine walikuwa wapole mno, na kwamba kulitokea ukaribu wa kweli. Lakini aliandika pia kwamba mgeni mmoja aliipiga picha yake kwa kiwiko tumboni, naye, ambaye hakuguswa na kitu, alijikunja kama aliyepigwa. Ushuhuda huu wavunja dhana kwamba yafanyikayo kwenye picha hayamfikii mtu. Ukimwalika mtu alete mwili wake mzima katika mashine, umemwalika alete na udhaifu wake. Jukwaa lina desturi zake za kumlinda mwigizaji: lina mazoezi, lina pazia, lina mpaka kati yake na mtazamaji. Je, mbuni wa kompyuta, aliyeazima tamthilia, ameziazima na desturi hizo? Kitabu cha Laurel kilieleza vizuri namna ya kumwingiza mtazamaji jukwaani. Namna ya kumlinda akiisha kuingia kiliigusa kidogo mno.

Yaweza kuletwa hoja ya kupinga, kwamba mambo haya ni ya wasanii, na mtu anayetaka kulipa kodi au kuandika barua hana haja ya kucheza. Hoja hiyo ina ukweli. Tena wako watu ambao kitufe kimoja ndicho kilichowapa uhuru, kwa sababu miili yao haiwezi kusimama mbele ya kamera na kupunga mikono. Kwao mashine inayodai mwili mzima ni mlango uliofungwa. Kwa hiyo kuudai mwili kila mahali ni udhalimu kama kuukataa kila mahali. Lakini hoja hiyo haiondoi swali. Yalifanya kuwa kubwa zaidi, maana yaonyesha kwamba katika kila mashine yumo mwili uliofikiriwa na mbuni, na kwamba mwili huo una sura. Mwaka wa 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima mashine tatu zilizokuwa zikiuzwa kwa kazi ya kutambua kwa uso kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe kosa halikuzidi 0.8 kwa mia. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika 34.7 kwa mia. Mashine hizo hazikuwa za sanaa, na uso si mwili mzima. Lakini jicho la mashine ni lile lile: hujifunza kwa miili iliyoonyeshwa, na isiyoonyeshwa huikosea. Anayeisifu mashine kwa kuwa yauona mwili na aseme ni mwili wa nani.

Mwisho, mambo haya yagusa kazi ya wanaoshughulika na istilahi za Kiswahili, maana ubaya wa neno huweza kuupotosha ubunifu kabla haujaanza. Neno lizoeleweshwalo kwa jambo hili ni mwingiliano. Lina faida ya kuonyesha pande mbili, lakini kuingilia pia ni kujitia katika mambo ya mtu pasipo kuitwa, na maana hiyo haiachi kulifuata. Neno mwigizaji, nalo, hutokana na kuiga, na hivyo lakubaliana na Aristotle, aliyeiona sanaa yote kuwa uigaji; lakini mtu aliye katika chumba cha Rokeby haigi chochote. Lugha yenyewe ina akiba nyingine. Kucheza hutumika kwa ngoma, kwa mpira na kwa jukwaa, pasipo kulazimisha uigaji. Ngoma ni jina la ala, la mwendo na la mkutano wa watu, vitu vitatu ambavyo Laurel alihitaji ngazi nzima ili kuviunganisha.

Lakini lililo bora katika akiba hiyo ni kuitika na kuitikia. Kiswahili hutenga kujibu na kuitika. Aitwaye huitika labeka kabla hajajua aitiwalo. Jibu huja baadaye. Kujibu ni kutoa habari, na kuitika ni kuonyesha kwamba mtu yupo. Katika ngoma, waitikiaji hawamjibu manju wala hawamwigi. Huchukua sauti yake wakairudisha na nguvu yao ndani yake, naye hupanda au hutua kwa kadiri ya walivyoitikia. Kompyuta za ofisi hujibu vizuri sana. Zilizotengenezwa na Krueger, Rokeby na Waisvisz zilijaribu kuitikia. Ikiwa istilahi yatakiwa kwa elimu hii, basi maitikiano yastahili kufikiriwa. Na hata kama halitakubaliwa na wote, litakuwa limesaidia kuitenga mashine inayouitikia mwili na ile inayouamrisha.

Hukumu juu ya kitabu cha Laurel, basi, ni ya pande mbili. Kwa kuitoa kompyuta katika ghala na kuiweka jukwaani, kilitenda kazi ambayo hakuna kingine kilichoitenda kwa ufasaha huo, na kila mwanafunzi wa mambo haya apaswa kukisoma. Kwa kuifuata ngazi ya Aristotle kilipoteza kile ambacho jukwaa linacho na maktaba haina, yaani mtu mwenye uzito, pumzi na maumivu, asimamaye mbele ya wenzake. Wabuni wanaoazima kutoka tamthilia wasiishie kuazima kisa. Waazime mazoezi ya miaka, waazime uangalifu wa msanii juu ya kila tokeo, na waazime desturi za kumlinda aliyejitoa mbele za watu. Wasipofanya hivyo, mashine zao zitazidi kuwa na macho, na watu watakaosimama mbele yake watazidi kufundishwa kusimama wima.